Gode Inayofunguka Kama Taya

Mjukuu wangu Ilunga,

Sijamwambia mtu yeyote kwamba siku nyumba ya Mama Feza ilipoanguka, nilimsikia akiniita kwa jina langu.

Nakusalimu. Unaniita Nkambo, yaani nyanya, kwa sababu nina jina la nyanya yetu, ingawa bado niko shule; basi nitakujibu kama nyanya. Huku Kalemie sisi ni wazima, ila mvua haijatuacha. Unauliza kikundi chenu cha wakulima huko Nyunzu kichague gode gani, ile ndoo ya chuma ya mbele, kwa trekta yenu ndogo.

Mama Feza, jirani yetu, aliangukiwa na ukuta na miti ya paa. Vijana wa salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, walileta trekta yenye gode ya kawaida, ya kuchota na kusukuma tu.

"Papa, usisukume! Kuko muntu chini!" nilipiga kelele, mimi mwenye haya.

"Sasa nitainua na nini, mwanangu?" dereva akajibu. "Hii haina namna ya kushika."

Akazima injini. Tulitoa miti kwa mikono, na sauti ile ikanyamaza kabla hatujafika.

Chagueni ile inayofunguka kama taya. Inachota, inasawazisha udongo, tena inabana mti na kuuinua. Lakini ni nzito zaidi. Muulizeni muuzaji kama trekta yenu itaibeba, na mfunge uzito nyuma isije ikainamia mbele.

Tulimtoa Mama Feza akiwa amekwisha kufa. Nilimfunika kwa kikwembe changu, kisha nikaenda shuleni kuwaita watoto wake.