SHABA ILIYOTOKA KIDOLENI MWA PAPA BAVON

KAMATI YA CHEMCHEMI, KABONDO, KISANGANI
Kikao cha Jumamosi, 12 Oktoba 2024, uani kwa Mama Gertrude.
Waliohudhuria: Mama Gertrude (Mwenyekiti), Papa Valère (Mshauri), Mama Hadidja, Papa Bavon (mfua shaba), Guelord (Katibu, mhitimu wa kemia).
Hakuwepo: Mama Ursule, yuko Ubundu.

KUMB. NA. 1/ HOJA
Katibu alitamka kwamba shaba iliyoonekana katika kipimo cha kwanza ilitoka kidoleni mwa Papa Bavon, wala haikutoka majini. Kwa hiyo karakana yake, iliyoshtakiwa kuichafua chemchemi, isihamishwe.

KUMB. NA. 2/ KIPIMO CHA KWANZA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba maji ya chemchemi yalichemshwa hadi yakabaki kijiko kimoja, tone likawekwa kwenye ncha ya chini ya ukanda wa karatasi. Asetoni yenye asidi ilipanda ukandani ikizibeba metali, kila moja kwa mwendo wake. Dawa iliponyunyizwa, chuma kiligeuka buluu na shaba kahawia. Kwa kuwa desturi yetu humtaka mshtakiwa ashike ushahidi kwa mkono wake, Papa Bavon aliushika ukanda palepale penye tone, akiwa ametoka kufua shaba.

KUMB. NA. 3/ MABISHANO
Papa Valère, ambaye nyundo za jirani yake Papa Bavon zimemharibia usingizi wa mchana miaka mingi, alisema: "Alors, mutoto, karatasi yako ilisema uongo?"
Katibu alijibu: "Ilisema kweli, papa. Sisi ndio tuliichafua."
Papa Bavon aliongeza: "Valère, maji iko mubaya, na wewe unaikunywa kila siku? Sema tu nyundo!"
Mwenyekiti aliomba kicheko kikome. Kilichelewa.

KUMB. NA. 4/ KIPIMO CHA PILI
Kati ya kanda mbili mpya, wa kwanza ulitiwa tone la chemchemi na kushikwa kwa koleo safi. Wa pili haukutiwa maji. Papa Bavon aliubana tu kwa kidole gumba. Wa kwanza ulitoa buluu peke yake. Wa pili ulitoa kahawia. Mama Hadidja alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.
Katibu alionya kwamba kipimo hiki hakioni vijidudu. Maji yaendelee kuchemshwa.

KUMB. NA. 5/ UAMUZI
Karakana ilibaki. Papa Bavon alitoa liboke ya samaki waliofungwa majanini na kuchomwa, Papa Valère alikula mara mbili, kisha akauita ushahidi "michezo ya watoto."
Katibu anamtaka Papa Valère alitetee neno hilo hadharani, chemchemini, kesho baada ya misa, mbele ya wachota maji wote. Kidole chake kinakaribishwa ukandani.

Tulitawanyika saa kumi na moja jioni, sahani zikiwa tupu.

Mwenyekiti: Gertrude
Katibu: Guelord