Bonde Lililoandikwa Tupu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo karakanani kwako, wewe, wifi na wanangu. Sisi tu wazima. Mgongo wa Baba bado unamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa hata kidogo.

Kaka, kaa chini kabla hujaendelea. Tumeshinda! Kamati ya msitu, ile iliyokuwa ikiamua mambo yetu huku sisi tukichungulia dirishani, sasa ina watu wanne wa kwetu, wenye kura kama wengine. Mmoja wao ni mimi, mdogo wako uliyeniita Kiherehere. Kiherehere kimepata kazi!

Jumanne tulikutana ofisi ya misitu. Feni haizunguki, nami nimekalia ukingo wa kiti kama anayesubiri sindano. Ramani ilitandazwa mezani, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai. Bonde letu la chemchemi, tulilokuwa tukisikia tu kwamba limeandikwa "tupu", tuliliona kwa macho yetu: limepakwa kijivu, na kwa kuwa ni tupu, limetengwa likatwe mbao. Maji waliyokunywa babu zetu, tupu!

Bwana misitu alifungua jalada, akasoma kwamba miaka kumi na mmoja iliyopita wapima ardhi walimuuliza mwenyeji, naye akathibitisha kuwa bondeni hakuna maji. Akasema kamati haiwezi kulipuuza neno la mwenyeji kwa sababu ya kelele tu. Baba, aliyekuwa kwenye benchi la wasikilizaji, aliinamisha kichwa. Unajua alikuwa anamfikiria nani.

Nikasimama, nikasema langu, na kamati nzima ikaenda bondeni kwa miguu. Bwana misitu alivua viatu, akachota maji kwa viganja, akanywa, akachota tena. Tuliporudi kura zikapigwa: saba kwa mbili. Bonde halikatwi, na uangalizi wake ni wetu! Mkunga wetu alipiga vigelegele mpaka karani akaangusha kalamu.

Sasa nikwambie nilichosema niliposimama, maana nimekizunguka tangu mwanzo wa barua. Mwenyeji yule hakuwa wewe. Wewe uliwabebea wapima vyombo vyao tu. Mmoja wao alinikuta mimi nikiokota kuni, akaniuliza kama bondeni kuna maji. Nikamjibu kama Baba alivyotufundisha sote: mgeni akiuliza chemchemi, mwambie hakuna kitu. Nilidhani nimeilinda, kumbe nimeifuta. Habari kwamba bonde limeandikwa tupu zilipofika, Baba akakuambia umeliuza bonde, ukafunga mzigo ukaondoka, nami nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Lakini nilifika ishirini, kaka, na bado nilinyamaza. Naona aibu. Nisamehe, au njoo unikaripie ana kwa ana, nitasikiliza mpaka uchoke.

Baba hakunigombeza. Kesho yake asubuhi nilimkuta akitia bawaba mpya mlango wa chumba chako, mgongo wake ule ule. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani. Akasema kosa lilikuwa lake, na neno analotaka kukuambia haliingii kwenye bahasha. Uje ulichukue mwenyewe.

Msalimie sana wifi, na wanangu waambie shangazi yao sasa ni mjumbe.

Mdogo wako,
Kiherehere aliyechelewa kusema