Vuta Mara Mbili

Jumatatu, 2 Juni 1975

Ziwani tena. Asubuhi nzima nimezama chini ya mdomo wa bomba la maji ya mji, nang'oa magugu. Sikio la kulia linawasha. Kila nikitoka majini ni sheria: inamisha kichwa maji yatoke, kausha kwa kitambaa safi, kisha matone ya siki na spiriti. Spiriti ninayo. Siki hakuna Kampala nzima tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe nchini. Mke wangu Zaituni kaitafuta hadi soko la Kalerwe, karudi na mchicha. Nimechokonoa kwa njiti ya kiberiti. Najua, najua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mukasa, anayenishikia kamba nikizama, hakunicheka. Hacheki siku hizi, tangu mdogo wake Kato abebwe na askari kanzu ndani ya buti ya gari pale Kalerwe, akiuza nyanya. Hakuna anayejua yuko wapi. Nilikuwa namtania sana Kato kwa ile sweta ya njano aliyofumiwa na mama yao, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Anaivaa hata jua likiwaka. Mjinga yule. Nimemkumbuka.

Jumatano, 4 Juni

Kazi mpya. Chemchemi chini ya mwamba, inayolisha tangi la kambi ya jeshi. Maji yamepungua. Afande anataka niingie pangoni nizibue bomba. Sipendi mapango. Ziwani ukipata shida unapanda juu. Pangoni juu ni mwamba. Maji baridi, safi kabisa, lakini sakafu ni tope laini: piga teke moja tu, huoni hata kidole chako. Kamba ndiyo macho. Vuta mara moja: niko salama. Mbili: nimepata. Tatu: nitoe.

Leo nimeangalia mlango tu. Sikio limeziba, linavuma. Mukasa akaninong'oneza upande huo huo mbovu: wanawake wanaochota hapa wanasema maji haya yanatoka Kibuli, na nikimwona Kato huko nivute mara mbili. Nikacheka. Kato ana mchumba mtaa wa Kibuli. Kama amejificha huko, alhamdulillahi. Mukasa akanitazama kama mtu niliyemtemea mate.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeingia.

Paa liko chini, mtungi wa hewa unakwaruza. Halafu chumba. Juu kuna tundu, mwanga unashuka. Kilichoziba bomba si mawe. Ni watu. Sikuhesabu. Mkono wa sweta ya njano ulikuwa unapunga ndani ya maji, mrefu kupita vidole. Nikapiga teke. Tope likapanda, giza. Nikavuta mara tatu. Nikavuta tena tatu, na tena.

Afande aliuliza nimeona nini. Nikashika sikio. Mawe, afande. Akasogea, akauliza tena polepole. Mawe. Akasema vizuri, basi pango litafungwa, na asiyefunga mdomo atafungwa humo. Alijua tangu mwanzo au amejua leo, kwangu mimi ni yale yale. Nilijikojolea ndani ya suti ya mpira. Nilikuwa nimelowa tayari, hakuna aliyejua.

Mukasa alikunja kamba. Hakuuliza kitu, nami nilishukuru. Nikimwambia, atakwenda kupiga kelele langoni mwa kambi, nao watamlaza kando ya mdogo wake. Nisipomwambia, mama yao ataendelea kumwekea Kato matoke kila jioni. Sijui nifanye nini.

Jumamosi, 7 Juni

Silali. Nikifumba macho, mkono wa njano. Nimeshindwa kunywa maji, hata ya chai. Sikio linatoa usaha, homa imepanda. Zaituni kanikokota hadi hospitali ya Nsambya.

Sista wa masikio ni Mganda, mkali. Kasafisha, katia dawa, kanigombeza kwa ajili ya njiti. "Wewe cheza na vijiti tu. Hiyo sikio itakupeleka kabuli!"

Alikuwa upande wa sikio zima. Nimesikia wazi. Kabuli.

Ya Rabi. Miaka yote Mukasa, Mganda naye, ananisalimu "Habali", miaka yote namtania. Hakusema Kibuli. Alisema kaburi. Maji haya yanatoka kaburini. Ukimwona Kato, vuta mara mbili. Alijua. Alikuwa ananiomba, askari wakiwa nyuma yake, nami nikamcheka usoni. Kesho yake akasimama pale na kamba mkononi akingoja mbili. Nikampa tatu.

Sista aliuliza kama inauma. Nilikuwa nalia. Nikasema inauma sana.

Jumatatu, 9 Juni

Kazini. Nimekatazwa maji mpaka sikio lipone. Zaituni kapata siki, nusu chupa ya soda. Hataki kusema wapi.

Mukasa alikuwa uani anakunja kamba zilizokauka. Askari mmoja wa kambi anakaa getini kwetu sasa, anatutazama. Habali, akasema Mukasa. Nzuri, nikasema. Ncha moja ya kamba ilikuwa miguuni pangu. Nikaiokota. Nikavuta. Nikavuta tena. Basi.

Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea, taratibu, mpaka akafika kwangu na kuichukua ile ncha. Hakupiga kelele. Mchana akaomba ruhusa aende kwa mama yake. Nimemfagilia upande wake wa stoo.