Kwa Verlin Ratzlaff, Aliyetufundisha Kutoa Sababu

Mwaka umetimia leo, Verlin, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotoka kwenda kuwaangalia kondoo wanaozaa, na hukurudi kunywa kahawa yako. Galen, mdogo wako, alikukuta umeketi kwenye nyasi kavu, umeegemea ukuta wa zizi, moyo umeshasimama. Pembeni yako palikuwa na mwanakondoo aliyezaliwa muda si mrefu, naye alikuwa amekwisha kukaushwa mwili mzima, mpaka ndani ya masikio. Daktari alituambia mambo mengi siku ile. Mama yako alishika hilo la masikio tu.

Ni mama yako anayeandika haya kwa niaba ya nyumba nzima. Anaandika polepole, kama unavyomjua, na Twila mkeo anasoma juu ya bega lake na kumsahihisha miaka.

Watu wa huku wanakukumbuka kwa kidole. Kila uliyepishana naye barabarani ulimwinulia kidole kimoja cha salamu kutoka kwenye usukani wa pikapu, awe jirani, awe mgeni, awe hata yule fundi wa nguzo za umeme ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukuitikia. Galen alikuwa akikucheka: "Kaka, yule hakuoni." Ukamjibu, "Siku akiniona, asije akakuta nimeshusha."

Mzee Alvin, mtunza kanisa, anakukumbuka kwa ngazi. Kila Jumapili ya theluji alizikuta zimeshasafishwa, akawa anatangaza kwamba upepo wa Kansas una adabu. Upepo huo ulikuwa na koleo, na koleo lenyewe lilikaa nyuma ya pikapu yako. Tulimwambia siku ya mazishi. Alilia, kisha akadai alikuwa anajua tangu zamani.

Na kondoo, kama wanakumbuka, wanakumbuka kwamba ulipasha mikono makwapani kabla ya kumgusa mwenye uchungu.

Ulikuwa na miaka kumi na minane ulipoingia chuo cha kaunti, kile kidogo cha miaka miwili pale mjini, kusomea sayansi ya wanyama. Mpango ulikuwa ule wa watoto wengi wa hapa: usome miwili karibu na nyumbani, kisha uhamie chuo kikuu umalizie digrii. Ulirudi kila jioni unanuka zizi la watu wengine, unaongea habari za lishe na matumbo manne ya ng'ombe mpaka baba yako akashindwa kula. Siku moja uliweka taya la ng'ombe juu ya meza. Mama yako akakuambia uchague, ama taya lilale ndani ama wewe. Ulifikiri kidogo kabla ya kujibu.

Lakini ulichopenda kuliko vyote ni timu ya ukaguzi wa mifugo. Unaletewa wanyama wanne wenye namba, unawatazama kwa robo saa, unawapanga wa kwanza hadi wa mwisho. Halafu unasimama mbele ya mwamuzi, mikono nyuma, bila karatasi, na kutoa sababu zako kwa dakika mbili. Kanuni yake ni kwamba yule uliyemweka chini ni lazima kwanza umkubali. Useme wazi amemzidi nini mwenzake, ndipo useme kasoro yake. Ulilibeba hilo maisha yako yote. Mama yako hakukusikia hata siku moja ukitaja ubaya wa mtu kabla hujataja chema alichonacho.

Twila anasema tuandike na habari ya pai. Haya. Ulipokuwa ndiyo kwanza umeoa uliombwa kuonja pai nne za matofaa kwenye sherehe ya mavuno kanisani. Ukasimama, mikono nyuma, ukatangaza: "Nazipanga tatu, moja, nne, mbili. Naikubali namba mbili, ukoko wake ni mwembamba kuliko zote. Lakini katikati ni maji." Namba mbili ilikuwa ya Twila. Ulilala kwenye kochi siku tatu, na mpaka leo mkeo anashikilia kwamba yalikuwa matofaa, si yeye.

Barua ya chuo kikuu ilifika ukiwa na miaka ishirini. Walikukubali. Mwezi huohuo baba yako, naye sasa ni marehemu, akaanguka kutoka dari la zizi, akavunjika mgongo. Ulisema utakwenda mwakani. Mwaka uliofuata ukasema hivyo tena. Wa tatu hukusema, wala hatukukusikia ukilalamika. Ukaoa, akazaliwa Renae, na kundi likakua mpaka kondoo sitini wenye nyuso nyeusi, watu wakawa wanatoka kaunti ya tatu kuja kununua kwako.

Ulipompeleka Renae kwenye chuo kilekile, somo lilelile, mama yako alikuwa amekaa katikati yenu garini.

"Baba, usishuke," Renae alikuambia.

"Sishuki. Naangalia tu kama zizi ni lile lile."

"Umeshashuka, Baba."

"Mguu mmoja."

Aliingia timu kama wewe. Mwalimu wake, Bwana Pruitt, alisema mtoto ana ulimi kuliko wote aliowahi kuwafundisha, bali macho yake bado yanasikiliza moyo. Tuliyaona wenyewe kwenye mashindano ya Oktoba. Kondoo majike wanne waliingia, na namba tatu alikuwa na sikio la kushoto lililopasuka. Renae alimtambua palepale. Ni mtoto wa zizi letu, alimnyonyesha chupa, wewe ukamuuza baadaye. Akamweka wa kwanza. Mwamuzi alimweka wa nne.

Mlipokuwa njiani kurudi, na mama yako yuko palepale katikati na mfuko wake wa vikate, mikate midogo iliyopandana miwili miwili, ulingoja mpaka mmepita ghala la ngano.

"Namba tatu ulimpendea nini?"

"Mgongo. Mgongo wake ni mrefu, umenyooka."

"Nakubali. Na miguu ya nyuma?"

Renae akatazama nje.

"Nilimuuza kwa sababu ya miguu hiyo," ulimwambia. "Vifundo vimelegea tangu ana miezi mitatu. Wewe mwanangu umemkagua mwenye kondoo. Kondoo mwenyewe hukumkagua."

"Alikuwa wako, Baba."

"Najua. Nimefurahi mpaka basi. Na umekosea vilevile."

Mkacheka wote wawili. Renae akala vikate vitano.

Miezi minne baadaye ukaondoka, Verlin. Renae alikuwa amebakiza muhula mmoja, na chuo kikuu kilikuwa kimeshamkubali aanze Agosti. Alikuja kukuzika, akavaa buti zako zilizomzidi saizi mbili, akaingia zizini. Wiki ya kwanza tulimshukuru. Wiki ya tatu tulianza kutazamana. Bwana Pruitt alimletea masomo yake nyumbani, akamfanyisha mitihani kwenye meza ya jikoni, na hivyo muhula haukumpotea. Lakini lile la kuhamia hakutaka hata litajwe.

Jumapili moja ya Aprili, baada ya ibada, tulikaa kwa mama yako kula faspa, kile chakula chepesi cha Jumapili alasiri, kama kawaida, vikate vya ghorofa mbili, jibini, na jemu ya zambarau za porini. Renae akaweka kisu chini.

"Nimeamua. Nitamaliza Mei, halafu nabaki. Chuo kikuu nitawaandikia kwamba siji."

 Twila aliinama, na mama yako akaona bega lake likilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuna atakayemlaumu. Mume amezikwa, mtoto anasema habanduki. Ni nani asingefurahi?

Na hapo, Verlin, mama yako inabidi akuambie jambo ambalo hakukuambia ukiwa hai. Miaka ishirini na saba iliyopita uliposema "mwakani" kwenye meza ileile, naye alifurahi. Baba yako alikuwa kitandani, kazi ilikuwa nyingi, na wewe ulikuwa mwanawe. Alijua vizuri kwamba mwakani haiji. Akanyamaza, akakukatia kipande kingine cha pai. Hukuwahi kumlaumu. Amejilaumu mwenyewe, si kila siku, ila kila Agosti.

Kwa hiyo safari hii hakunyamaza.

"Renae, simama," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Simama pale kwenye friji. Mikono nyuma. Mambo ni manne. Namba moja, unabaki. Mbili, unakwenda Agosti, na sisi tunapunguza kundi. Tatu, unakwenda mwakani. Nne, tunauza kondoo wote unakwenda. Yapange, utoe sababu."

"Bibi, huu si mchezo."

"Nani amecheka?"

Galen akavua saa, akaiweka karibu na jibini. "Dakika mbili, mwanangu. Na mimi si mwamuzi mpole."

Renae akasimama, uso umemwiva. "Naweka moja, tatu, mbili, nne. Naweka moja juu ya tatu kwa sababu…" Akaifunga upya mikono nyuma. "Kwa sababu kundi ni la Baba."

"Hiyo ni sababu ya nani?" Galen akamuuliza. "Nimeuliza kondoo ana miguu gani, wewe unaniambia alizaliwa zizi gani."

"Baba mdogo, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia alivyokufanyia yeye garini. Bibi yako ametusimulia wote."

Renae akatazama chini, kwenye buti zako. Ndipo mama yako akamweleza habari ya barua yako, ya mwakani, na ya kile kipande cha pai. Renae hakuwahi kujua kwamba nawe ulikuwa umekubaliwa. Alidhani ulisoma miaka miwili kwa kuwa miwili ilikutosha.

Alitoka nje bila koti. Tulimwona dirishani akiwamwagia kondoo maji, akiwahesabu, akimsukuma pembeni yule jike mkorofi wa shingo nene. Twila alinyanyuka amfuate. Mama yako akamshika mkono, "Mwache, mwanangu, anakagua." Chai ikapoa. Galen alikula jibini lote.

Aliporudi alisimama palepale kwenye friji, mikono nyuma, majani kwenye nywele.

"Mbili, nne, tatu, moja," alisema. "Naweka mbili juu ya nne kwa sababu inakwenda mbali na bado inaacha mbegu nyumbani. Naikubali nne, ndiyo nyepesi kwa Mama. Lakini haina pa kurudi. Naweka nne juu ya tatu kwa sababu inatembea, na tatu imesimama. Naweka tatu juu ya moja, na hapa naikubali moja." Akamtazama mama yake. "Moja ina Mama, ina Bibi, ina harufu ya Baba mlangoni. Hakuna kati ya hizi inayoizidi kwa hilo. Lakini ni fupi kwa mbele. Kwa sababu hizo naiweka ya mwisho."

Galen alitazama saa. "Dakika moja na nusu," alisema, akaivaa mkononi.

Twila ndiye aliyezungumza. Alilia wazi, bila kujificha, akasema, "Nifundishe kuzalisha kabla hujaondoka. Mimi damu naiogopa, lakini nifundishe."

Sasa usikie yaliyofuata. Tuliuza kondoo ishirini na watano, tukabaki na thelathini na watano. Mei Renae alimaliza pale chuo cha kaunti, akavuka jukwaa, na Bwana Pruitt akampigia mluzi kama anavyomwita mbwa. Agosti tulimsindikiza chuo kikuu, mwendo wa saa mbili, wote wanne kwenye kiti kimoja. Huko walikataa kulihesabu somo lake moja la kemia, akalianza upya. Tulidhani litamvunja. Alipiga simu anacheka: "Bibi, naisoma kemia mara ya pili, sasa mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu." Kwenye timu yao ya ukaguzi walimchukua siku ya kwanza ya majaribio.

Twila amezalisha kondoo tisa mwezi huu kwa mikono yake. Wa kwanza alimvuta macho yamefumbwa, Galen akimfokea, "Shemeji, fungua macho, huyo unayemvuta ni mguu wa mama yake!" Wa tisa alimtoa peke yake, akiwa amegeuka vibaya, na wote wawili wako hai. Siku za Jumamosi wanafunzi wa Bwana Pruitt huja wanne wanne kutusaidia. Hatukuwaita. Wanakula vikate vyetu kama nzige, na mmoja alifunga lango akajifungia yeye mwenyewe pamoja na dume.

Leo Renae hatakuwa nasi kaburini. Ana mtihani wa lishe ya wanyama saa tatu asubuhi. Alipiga simu juzi, sauti imepungua, akatuuliza kama ni vibaya asipokuja. Twila aliweka simu katikati ya meza tusikie wote. Galen akamwambia, "Ukikanyaga hapa siku hiyo, baba yako atatoka akurudishe kwa mguu." Mama yake akamwambia ale kwanza, asiende kwenye mtihani na tumbo tupu.

Sasa ni saa tatu kasorobo. Amekwisha kukaa kwenye kiti chake, na sisi tunashuka kwenda kaburini bila yeye, na hatuna wasiwasi.

Unakumbukwa na mkeo Twila, binti yako Renae, mdogo wako Galen, na mama yako Adina, pamoja na Mzee Alvin, Bwana Pruitt na vijana wake, na waumini wote wa kanisa letu.

Haitapita siku bila wewe kutajwa katika nyumba hii, Verlin.