Saa ya Mwadhini

Jumatano, 4 Ramadhani
Nimezifuta saa zangu baada ya alasiri, kama kila siku. Kumi na moja. Saba zimekufa. Mama anaziita takataka. Mimi napenda mikanda inavyobaki imepinda, kila mmoja kwa mkono wa mwenyewe. Ya marehemu bibi ni nyembamba kama ya mtoto. Nikiitia ufunguo, inalia taratibu.
Leo Mzee Hamad, mwadhini wetu, amenipa saa yake nimbadilishie mkanda. Amenipa mimi! Hapa Wawi wote wajua nina mikanda.

Alhamisi, 5 Ramadhani
Mkanda niliumaliza jana ileile. Saa sijairudisha. Nimeivaa chuoni kwenye Kurani, nimekunja mkono wa buibui ili ionekane. Mzee ameazima simu ya jirani ili ajue wakati wa kuadhini. Nimeona, nikaushusha mkono wa buibui.

Ijumaa, 6 Ramadhani
Sijui niandikeje.
Mchana nilikivuta kile kifungo cha pembeni cha saa ya mzee, kuchezea tu. Saa ikasimama. Nikaiweka sawa kwa kufuata saa yangu ya kijani, niipendayo kuliko zote. Ya kijani hukimbia mbele. Nalijua hilo. Haraka ilinisahaulisha.
Nilipompelekea mzee aliuliza, “Hukuigusa ndani, mwanangu?”
“Sikuigusa, babu.”
Nimesema hivyo nikiwa nimefunga.
Mtaa wetu haungoji redio. Unangoja sauti yake. Akaadhini, tukala tende, tukanywa uji. Ndipo msikiti wa barabarani ukaadhini. Baba akaweka kikombe chini.

Jumamosi, 7 Ramadhani
Imamu amesema funga ya jana imeharibika. Mtaa mzima tutailipa. Hata Bi Time, mke wa mzee, mwenye miguu iliyovimba.
Dukani walikuwa wakimcheka.
“Mzee Hamad, njaa ilikukaba?”
“Kesho tuadhinie saa tisa, yahe, tule mapema!”
Alitabasamu. Laiti angekasirika. Wamemwambia apumzike, ataadhini mwengine. Amekuwa mwadhini tangu baba yangu hajaoa.
Mimi ni mwongo na mwoga.

Jumapili, 8 Ramadhani
Sikula daku kabla ya alfajiri. Mama kanipima homa kwa kiganja. Nikamwacha aamini naumwa. Uongo mwengine.

Jumatatu, 9 Ramadhani
Nimemwambia Mzee Hamad. Alikuwa barazani, saa iko mkononi bado. Nilisema yote, mpaka ile ya kuivaa chuoni. Akaivua saa, akaitazama.
“Na mie niliona mchana bado,” akasema. “Nikaiamini saa.”
Kisha akaniambia niende nyumbani, yamekwisha.
Hayajesha. Nimemwambia baba, tukaenda kwa imamu. Nikayarudia yote mbele yake. Imamu hakunigombeza. Alitangaza baada ya sala ya tarawehe kwamba kosa si la mzee. Jina langu hakulitaja, lakini kwetu jambo halihitaji jina.

Jumanne, 10 Ramadhani
Chuoni: “Bibi Saa! Leo twafuturu saa ngapi?”
Nastahili.
Magharibi ameadhini Mzee Hamad. Jirani zetu wawili walingoja redio kwanza. Hilo nimelifanya mimi.

Jumatatu, 7 Mfunguo Mosi
Ramadhani imepita, leo nimelipa funga ya siku ile. Bi Time naye alikuwa analipa, nikaenda kumsaidia. Nilifikiri angesema neno juu ya saa. Alinisogezea kibao cha mbuzi na nazi mbili. Nikakuna. Yeye akamenya muhogo, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Akaniuliza kama mama bado anauza mandazi. Nikasema ndiyo. Akasema kesho nije tena, kuna majani ya kuchuma.