Bando la Neema

Alhamisi, usiku

Nilikuwa najisifu tu, jamani, sikuwa na nia mbaya.

Neema wangu alikuwa dukani kwangu na kompyuta yake, anapakua ule mfumo wa kujengea tovuti kwa bando la simu yangu. Mangi, yule mwenye duka la vitenge vya jumla, anataka kuonyeshwa tovuti yake kesho asubuhi. Ni kazi ya kwanza ya mwanangu, na mteja nimemtafuta mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Nikampigia shoga yangu Mama Asha, wa mtaa wa Gerezani, kwa video. "Muone injinia wangu!"

"Shoga, wewe umezaa!"

Tukacheka mpaka picha ikaganda. Bando limeisha, mfumo umeingia nusu. Nikanunua jingine, lakini kila akiuwasha yanakuja maandishi mekundu.

"Nafuta vyote naanza upya, Mama." Hakunikaripia hata kidogo. Ndicho kinachoniuma.

Mpaka sasa anahangaika, chai imepoa pembeni. Kaniomba kitu kimoja tu: "Kesho usimwite mtu, Mama, mpaka iwake."

Nimesema sawa. Nitamwambiaje kwamba Mama Asha, niliyemwalika kwenye video ile ile, anakuja asubuhi na wenzake kumshangilia?