Mahari ya Lilian Ingoje Maabara

Edmonton, London
Juni

Dada yangu Teresia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, nguvu ni zile zile. Juzi ghalani niliinua peke yangu friji iliyowashinda vijana watatu. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe, amezaa?

Ujumbe wako nimeupata, kwamba Lilian apande ndege mapema Agosti kwa sababu wazee wa Allan, mchumba wake, wanakuja kuongea mahari. Uliniagiza nimhimize. Sikumhimiza. Tulia nikueleze.

Unajua binti yako anasomea uhasibu. Usichojua vizuri ni kwamba pembeni amesoma umeme, kile wanachokiita maina, yaani fani ya pili, na akitimiza masharti kitaandikwa kwenye cheti chake. Masharti yenyewe nimeyashika kichwani kuliko walioyatunga, mimi wa darasa la saba: masomo sita ya umeme, alama isishuke chini ya C, na somo lililohesabiwa kwenye uhasibu halihesabiwi tena kwenye umeme. Amemaliza matano. La sita ni maabara, na maabara iko Agosti peke yake. Akiikosa anahitimu bila umeme, na hayo matano yamekwenda bure.

Mimi nilitaka kukusaidia wewe. Nikaona hili ni jambo la wazee. Nikamchukua Baba Tevin wa kanisa la Lewisham, tukavaa suti, tukabeba mguu wa mbuzi niliouchoma mwenyewe na kreti ya soda, tukaenda chuoni kuomba tupunguziwe. Mlangoni walidhani mimi ni balozi, mmoja akanipigia saluti. Lilian alitufuata nyuma akitamani ardhi ipasuke.

Mkuu wa idara ni Singasinga mmoja, Profesa Mohinder. Nilianza mbali, kama inavyotakiwa: mvua, familia, kisha nikasema tumeona ua zuri katika boma lake. Baba Tevin akaomba tuondolewe masomo mawili. Tulijua atakataa, ndiyo maana tulianzia mawili, tushukie hilo moja la maabara. Nikaongeza kwamba Lilian alitengeneza boila yangu baada ya mafundi wote wa kaskazini mwa London kusalimu amri. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajibu kwa Kiswahili cha Kisumu alikozaliwa. Baba Tevin nusura aangushe soda. Profesa alisema, wazee wangu, hapa hakuna kupunguziwa, hata angekuwa binti yake wa kumzaa. Nyama aliipokea.

Kisha akamgeukia Lilian akamuuliza, mbele yetu, kama hiyo maabara anaitaka au twende zetu. Vile vile, Teresia, binti anavyoulizwa siku ya mahari kama kinywaji kinywewe, ijulikane amemkubali mchumba. Lilian, ambaye kwangu huongea kwa kunong'ona, alijibu kwa sauti iliyofika koridoni kwamba anaitaka, ameitaka tangu mwaka wa kwanza, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuuliza. Nikatazama viatu vyangu. Hata mimi sikuwa nimemuuliza.

Basi ujue. Jumapili nilimpigia Njenga, baba yake Allan, nikasogeza mahari hadi Desemba. Sikukuuliza wewe wala shemeji. Mimi ndiye mjomba, na mjomba asipokaa pale hakuna mbuzi anayepokelewa. Njenga aliuliza, sauti imemshuka, kama mbuzi wataongezeka. Nikamwambia wataongezeka, maana stima ikipotea kwake hataita fundi tena. Nilimsikia Allan akicheka nyuma ya simu. Yeye hana neno.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukinipigia kelele nitaweka simu mezani niendelee na ugali wangu. Agosti Lilian ataingia maabara, na nitamsindikiza kwa treni mpaka mlangoni, nione ni nani atamrudisha. Desemba nitakuja naye. Atakapoulizwa kama tunywe, shangazi yeyote asimfinye chini ya leso. Nataka ajibu kwa sauti ile ya koridoni. Akisema ndiyo, tutakunywa. Akisema hapana, mbuzi wa Njenga nitawarudisha mimi mwenyewe, kwa miguu, nikiimba.

Nisalimie shemeji, majirani, na wote wanaouliza habari zangu. Goti lipake mafuta ya moto.

Ndugu yako, na bado sijarudi nyuma,
Harrison